Chumvi Mara Mbili

Makorora, Tanga
9 Juni 1957

Kwa Time, Wete.

Salamu zimejaa kikapu, chukua zinazokutosha, nyingine wagawie wenyeji. Mimi mzima, cherehani nzima, paka wako naye mzima ila siku hizi anaamini kitanda ni chake.

Arobaini ya mama yako imepita, Mungu amrehemu. Sikwambii hivyo ili unijibu neno. Nakwambia kwa kuwa watu hapa mtaani wananiuliza Time anarudi lini, na mimi nawajibu kwamba mtu akikaa na mwenziwe nyumba moja miaka kumi na moja haina maana kwamba hana ndugu zake. Wakizidi kuuliza nawapimia nguo ikawabana makwapani.

Sasa sikiliza vituko. Juma lililopita gari la sinema la serikali lilikuja uwanjani kutuonyesha filamu ya kunawa mikono. Bwana mmoja anakula bila kunawa, tumbo linamkata, ananawa, anapona, basi. Bi Sabiha alitaka kuona, tukampeleka kutoka Nguvumali mimi na Elizabeti muuza maandazi, tumemshika huku na huku. Shekhe mpiga ngoma alikuwepo, kajifunga kanga zake mbili kama kawaida yake, anamwigiza yule msemaji wa kwenye kipaza sauti mpaka wanawake wakalia kwa kucheka. Waliomtukana aliwaitikia kwa heshima, unamjua Shekhe, hana jina asiloliitikia.

Bi Sabiha hakucheka. Akasema, "Mtu huyu kwa kunawa mikono tu katiwa kwenye sinema. Mimi na Mwanatumu tumeishi miaka thelathini na moja chini ya dari moja, hatukutiwa hata kwenye barua ya mtu. Kaburini yeye ameandikwa binti ya fulani, na mimi nitaandikwa binti ya fulani. Ya nyumbani kwetu nani atayaandika?"

Time, nikamshika mkono tuanze kurudi. Lakini Tadeo alikuwa nyuma yetu, na Tadeo hajui kunyamaza penye jambo linalowezekana. Huyu ni yule wa Amani, anayeandika majina ya wadudu kule kituo cha utafiti na kushuka kila mwisho wa mwezi na Rafaeli wake dereva, wakifikia kwa Elizabeti. Kumbe Mzungu wake alipokwenda kwao alimwachia kamera ndogo ya sinema, ya kutia ufunguo kama saa. Akasema, "Bibi, tutawatia sisi."

Basi tunafanya sinema. Ya Bi Mwanatumu alivyomwacha mume siku ya saba ya harusi, akatoka Pangani na chungu chake kichwani, na Bi Sabiha alivyompokea kwa ngoma kama anavyopokewa bibi harusi. Elizabeti ndiye mume, kajichora masharubu kwa makaa na hataki kuyafuta. Shekhe ni shangazi mtu. Mimi ni Bi Sabiha. Bi Mwanatumu hatujampata.

Mchuzi siku hizi una chumvi kadiri yake. Siupendi.

Mimi,
Mize


Wete, Pemba
24 Juni 1957

Mize wangu,

Barua yako niliisoma mara tatu, ya tatu kwa ajili ya masharubu ya Elizabeti tu.

Mimi sijambo. Mvua zimekatika, mikarafuu imetia vikonyo, na kaka yangu Jaku anasema mwaka huu mavuno ni makubwa na mikono michache. Ameniomba nisubiri. Sikuweza kumkatalia, mama kafia mikononi mwake mimi nikiwa huko. Basi nachambua karafuu mpaka vidole vinanuka usingizini.

Umenichekesha na hiyo chumvi. Shemeji yangu hapa hushangaa kila nikipita jikoni, natia chumvi kidogo bila kuuliza kama imekwisha kutiwa. Nikamweleza kwamba kwetu ndivyo tulivyozoea, wewe unatia ukidhani mimi nimesahau, na mimi natia nikidhani wewe umesahau, miaka kumi na moja tunakunywa maji kama ng'ombe. Akaniuliza, "Kwa nini hamkupatana nani atie?" Nikamrudishia kopo la chumvi.

Na futi yako ya kupimia bado unaikunja kila mara ianze na namba moja, hata kama utaitumia papo hapo? Huku hamna wa kumcheka kwa hilo.

Mpe Bi Sabiha shikamoo yangu. Mpateni Mwanatumu mzuri, asiwe na haraka. Kwa alivyokuwa akisimuliwa, hakuwa mtu wa haraka.

Wako,
Time


Makorora
15 Julai 1957

Time,

Tumemaliza vijisanduku vitatu vya filamu, Mwanatumu akionekana chungu tu kinachopita juu ya vichwa vya watu. Mume kakimbiwa, na alilia vizuri mno, watoto wa jirani wakamletea maji. Ngoma ya kumpokea bibi harusi tumeicheza uani kwa Bi Sabiha, mwenyewe kakaa kwenye kiti anatukosoa. "Shangazi hakuwa hivyo. Shangazi alikuwa na kiburi, tembea kama unadaiwa heshima." Shekhe akarudia mara nne kwa furaha. Rafaeli alishika shuka jeupe kuturudishia jua usoni, mikono ikamfa ganzi, Tadeo akawa anamkanda na kumwomba radhi mbele ya watu wote, na hakuna aliyesema kitu kwa kuwa siku ile ua ule ulikuwa wetu.

Kimebaki kijisanduku cha nne, cha mlo. Jioni ile Bi Mwanatumu alipofika, walikula sinia moja, mkeka mmoja, na Bi Sabiha anasema hapo ndipo alipojua kwamba huyu haendi tena. Anasema tukikosa hicho vingine vyote ni mchezo.

Wamekuja wanawake watano kutaka kuwa Mwanatumu. Mmoja ni mrefu, mmoja anacheka ovyo, waliobaki sikuona sababu ya kuwapa sababu. Tadeo akaniambia, "Dada Mize, sema tu unamtaka nani." Nikamwambia anayefaa yuko Wete na mikarafuu.

Kumbe inawezekana! Filamu hii ina pande mbili. Upande wa kwanza Tadeo amenipiga picha mimi peke yangu mkekani, nakaa, nasubiri, nanyoosha tonge. Upande wa pili utajipiga wewe huko, kwenye mkeka wa pili ule ulioondoka nao, pacha wa huu. Ikirudi kutoka Ulaya inakosafishwa, Tadeo ataikata na kuiunganisha, mimi kidogo, wewe kidogo, ionekane tunakula pamoja. Dakika mbili tu, Time. Kamera anakuletea Yudith mkunga, anahamia hospitali ya huko. Ndani kuna maelekezo ya Tadeo. Yafuate, usijitie ujuzi.

Filamu nimekutayarishia vizuri, hutapata taabu.

Mize


Amani
12 Julai 1957

Kwa Dada Time,

Salaam. Naandika kwa mpango ili usichanganyikiwe.

Kabla ya kupiga, ingia mahali penye giza, fungua kamera, geuza filamu kama ilivyochorwa kwenye karatasi ya pili, funga. Kamera isimame juu ya kitu kisichotikisika. Tia ufunguo mpaka ugome. Kitufe kina kulabu, ukikitia kulabu kitakwenda chenyewe nawe utapata nafasi ya kwenda kukaa.

Dada Mize nimemkalisha upande wa kulia wa mkeka anatazama kushoto. Wewe kaa kushoto utazame kulia, kana kwamba yupo. Nyuma ya Mize tulitundika kaniki. Nawe tundika kitu cheusi, ukuta mweupe huiunguza picha. Uje na chungu, ukitue, ukae, ule. Ukimaliza usiifungue kamera tena, irudishe kama ilivyo.

Usiogope kukosea. Mzungu wangu alipiga vipepeo mwaka mzima, akapata vidole vyake.

Rafaeli anakusalimu.

Tadeo


Wete
20 Agosti 1957

Mize,

Kazi yenu nimeimaliza jana, Jaku na watu wake walipokuwa shambani. Kamera niliipandisha juu ya kinu kilichogeuzwa. Karatasi ya Tadeo niliifuata neno kwa neno, nikaingia uvunguni mwa kitanda na shuka juu yangu, nikageuza, nikafunga, nikatoka na vumbi kichwani kama aliyefufuka. Ukuta ilinibidi niufunike kaniki mbili, maana Jaku ameipaka nyumba chokaa juzi, mpaka inaumiza macho.

Nikatia kulabu, nikakimbia nje, nikaingia na chungu kama natoka Pangani. Nikakitua. Nikakaa upande wangu. Nilidhani nitacheka. Sikucheka. Nilitazama ule upande wa kulia wa mkeka, mtupu, na kuku mmoja akapita, nikamwacha apite.

Kamera inarudi kwa mkono wa mume wa Yudith. Mwambie Tadeo kila kitu nilikifanya alivyosema.

Wako,
Time


Makorora
2 Septemba 1957

Time,

Kamera imefika. Tadeo amekwisha ipeleka filamu posta.

Nyumba haipakwi chokaa katikati ya mavuno, watu wote wako mitini. Nami nimeshona nguo za harusi nyingi mno nisijue chokaa inapakwa kwa ajili ya nini. Lisemwalo lipo, na wewe hukulisema, basi nalisema mimi. Ni nani?

Mize


Wete
19 Septemba 1957

Mize,

Anaitwa Sheha. Ana duka la mchele Chake Chake na mkewe alikufa mwaka juzi. Si mtu mbaya. Amenijia kwa adabu, kupitia kwa Jaku, na Jaku anataka nikaha iwe mwezi wa Rajabu, kabla ya Ramadhani. Mimi sijasema ndiyo na sijasema la. Nimekuwa nikichambua karafuu.

Nilikuficha kwa kuwa kuandika kungekuwa kama kuomba ushauri, na ushauri sikuutaka. Sasa umeuliza nami nitakwambia yote.

Jaku aliniketisha akaniuliza, kwa upole, bora angefoka. "Huyo Mize ni nani kwako? Si dada yako. Si shemeji yako. Ukifa leo, anakurithi? Ukiugua, ana haki gani ya kunizuia nisikuchukue? Watu wa Tanga wanawaita wasagaji, mimi nawakanya, lakini nikikanya nasema nini? Nipe neno la kusema." Nikalitafuta hilo neno. Rafiki likawa dogo. Shoga, kila mwanamke ana mashoga. Nikarudi kwenye ungo wa karafuu, naye akaliona hilo kuwa jawabu.

Na jambo jingine. Tangu Aprili umeniandikia habari za paka, za masharubu, za filamu, za mchuzi. Hukuandika hata mara moja neno rudi. Nimezipekua barua zako zote kulitafuta. Labda sinema ya Bi Sabiha ni ya Bi Sabiha tu, na mimi ni mtu mliyemhitaji kwa dakika mbili.

Kama ni hivyo niambie, sitakasirika. Nitajua la kumjibu Jaku.

Time


Amani
5 Novemba 1957

Kwa Dada Mize,

Filamu imerudi kutoka Ulaya. Vijisanduku vitatu vya kwanza vimetoka vizuri kupita nilivyotegemea. Masharubu ya Elizabeti yanaonekana wazi.

Cha nne kimeharibika, na inanilazimu nikwambie kama kilivyo. Upande mmoja ni mweusi mtupu, hakuna kitu. Upande mwingine una picha mbili moja juu ya nyingine, wewe na Dada Time mmepigwa mahali pamoja. Siwezi kuikata wala kuitenganisha.

Nimejiuliza kosa langu liko wapi. Nilipokuachia kamera siku ile, upande wa kwanza ulikuwa umekwisha, na ilibaki Dada Time ageuze tu. Je, kuna mtu aliyeishika kabla haijaondoka? Siulizi kwa kulaumu.

Rafaeli anasema niilete hivyo hivyo. Mimi naona aibu kumwonyesha Bi Sabiha kitu kilichoharibika. La kuvunda halina ubani.

Nasikia pia hujamjibu Dada Time tangu Septemba. Nalo silisemi kwa kulaumu.

Tadeo


Makorora
11 Novemba 1957

Tadeo,

Aliyeishika ni mimi. Nani mwingine?

Ulipoondoka nikaitazama ile kamera nikafikiri, Time anaipata filamu imefika mwisho, ataanzaje? Mimi futi yangu nikimaliza kupima huikunja ianze na moja, ili atakayeishika baada yangu aikute tayari. Basi nikaingia gizani, nikaigeuza kama nilivyokuona wewe ukifanya, nikaliziba jicho la kamera, nikaiendesha mpaka mwisho ili irudi mwanzo. Nikajiona mwenye akili. Sikumwambia, nilitaka aone mambo rahisi tu.

Sasa ndiyo nimeelewa. Ule upande wake niliumaliza mimi gizani. Yeye naye akageuza, kama ulivyomwandikia, ukarudi ule upande wangu, akajipiga juu yangu. Niligeuza mimi, akageuza na yeye. Tadeo, sisi wawili hatuponi!

Usiitupe. Bi Sabiha hatoki kitandani tangu juma lililopita, miguu imemvimba, na kila asubuhi anauliza sinema yake imefika wapi. Ilete hivyo ilivyo. Kama ni ya kuvunda, tutainusa wote.

Kuhusu Time, sikumjibu kwa kuwa kila nikiandika natoa maneno ya kumkasirikia Jaku, na Jaku hakukosea kuuliza. Mimi pia sina hilo neno.

Dada yako,
Mize


Makorora
1 Desemba 1957

Time,

Nimechelewa kukujibu miezi miwili na zaidi. Sikuugua, sikusafiri. Nilikuwa na kiburi, halafu nikawa na hofu, na vyote viwili havishiki kalamu. Sasa nakuandikia kwa sababu ya niliyoyaona juzi Ijumaa.

Tulionyesha sinema chumbani mwa Bi Sabiha baada ya sala ya adhuhuri, yeye kalala kwenye kitanda chake, shuka ukutani. Madirisha tuliyaziba kwa magodoro. Waya wa umeme ulivutwa kutoka duka la jirani. Wanawake kumi na wanane chumba kimoja, na Shekhe, na Tadeo na mashine yake ya kuonyeshea picha, na Rafaeli kaegemea mlango asiingie mtu wa nje. Joto lilikuwa la kuoka mikate. Filamu haina sauti, basi tuliimba wenyewe, na Shekhe akawa msemaji wa serikali: "Ndugu wananchi, mtazameni bwana huyu. Hakunawa, na sasa mkewe anaondoka." Bi Sabiha alicheka mpaka tukamwinua akohoe. Shangazi alipopita na kiburi chake akasema, "Huyo. Huyo sasa ndiye."

Halafu Tadeo akasimama kama anatangaza msiba. Akasema kijisanduku cha nne kina kasoro ya kiufundi na anaomba radhi. Bi Sabiha akamwambia, "Keti, mwanangu, uzungushe."

Nilionekana mimi, mkekani, upande wangu, natazama pasipo mtu. Nilikuwa na uso mbaya, Time. Sikujua kwamba ndivyo ninavyoonekana nikisubiri. Nikafikiri nitoke nje.

Mara ukaingia na chungu. Ulikuwa unapenya, mkeka wa kwangu ulionekana ndani ya kanga yako. Mikeka ni pacha, kaniki nyuma ni kaniki, basi vyumba viwili vikawa chumba kimoja. Ukatua chungu mbele yangu hasa. Ukakaa upande wako. Mimi nikanyoosha tonge, wewe ukawa unatazama mkono wangu, nami sikuwepo! Wakati huo mimi nilikuwa Makorora nashona vifungo. Kuku wako akapita kati ya magoti yangu, na mimi hata sikumfukuza.

Halafu, Time, mimi nikachukua chumvi nikatia kwenye sinia. Sikukumbuka kwamba nilifanya hivyo, Tadeo hakuniambia nifanye, ni mkono wenyewe. Na kabla sijarudisha mkono, wewe nawe ukachukua chumvi ukatia, pale pale. Elizabeti akapiga kelele, "Salale! Wametia wote wawili!" Nyumba ikaanguka kwa kicheko. Wanatujua. Miaka yote wamekula kwetu na kuomba maji.

Mimi sikucheka. Nililia, mbele ya watu, mimi.

Bi Sabiha akasema, "Tena." Tadeo akairudia. "Tena." Mara ya tatu akasema Bi Mwanatumu alikuwa mnene kuliko wewe, na hakuwa na kuku. Halafu akasema, "Lakini ndivyo tulivyokuwa. Hujui nani yuko mbele na nani yuko nyuma." Akamshika Tadeo mkono akamwambia asithubutu kuitengeneza.

Umesema Jaku anataka neno. Nimelitafuta tena, sinalo. Bi Sabiha naye nimemuuliza, wao walijiitaje miaka thelathini na moja. Akasema hawakujiita. Waliitana.

Basi mimi nakuita. Lile neno ulilolitafuta kwenye barua zangu hili hapa, na nililinyima kwa kuwa niliogopa ukilisoma usilifuate. Rudi. Rudi, Time. Hukuwa mtu wa dakika mbili. Niliwakataa wanawake watano, na ningekataa hamsini. Ukiolewa na Bwana Sheha nitakushonea nguo na nitaishona vizuri, haitakubana makwapani, lakini sitaki kuishona. Rudi nyumbani.

Mize


SIMU YA POSTA
WETE 12 DESEMBA 1957
MIZE MSHONI MAKORORA TANGA
NAKUJA MELI YA JUMATANO. MCHUZI USITIE CHUMVI. NITATIA MIMI.
TIME


Makorora
20 Desemba 1957

Tadeo,

Salamu zako na za Rafaeli zimefika, na machungwa pia, mengi yalikuwa mazima.

Amerudi juzi. Nilikwenda bandarini na Elizabeti, ambaye kwa heshima ya siku hiyo alijichora masharubu, mpaka askari wa mlangoni akamuuliza cheti. Time ameshuka na sanduku, na mkeka, na gunia la karafuu. Gunia amepewa na Jaku. Alimwambia kakake kwamba neno hana, ila kuna mtu Tanga anayemwita na yeye anakwenda. Jaku akalibeba sanduku kichwani mwenyewe mpaka kwenye meli, akaliweka chini, akaondoka. Gunia, Time alilikuta limefungwa juu ya sanduku. Tumeamua kumwandikia barua ya shukrani, na hii Time ataandika mwanzo na mimi mwisho.

Tulipitia kwanza Nguvumali. Bi Sabiha alimtazama kutoka kitandani, akamwambia, "Geuka." Akageuka. "Kula zaidi," akasema, "utakuwa Mwanatumu hasa." Miguu bado imevimba. Anataka sinema tena Ijumaa, na safari hii anataka Shekhe aseme kwa Kiarabu, ingawa Shekhe hajui Kiarabu. Mje.

Mchuzi nao nikuarifu, kwa kuwa najua utauliza. Nilikuwa nimeubandika tangu asubuhi, wa papa na nazi. Aliniandikia nisitie chumvi, nami mara hii moja katika maisha yangu nikatii, nikakaa mbali na kopo. Tukaketi mkekani, yeye kushoto, mimi kulia. Nikatia tonge mdomoni. Hamna chumvi. Hata chembe. Nikamtazama.

Akasema, "Sikutia. Nilijua hutanisikiliza, umekwisha tia."

Tukala hivyo hivyo, mpaka chungu kikaisha.

Dada yako,
Mize

Na mimi, Time.